The Villages au Sun City: kabla hujanunua nyumba ya kustaafia Marekani, linganisha haya

Dada yangu mkubwa aliivua sare ya uuguzi mwaka juzi, baada ya karibu miaka thelathini ya theluji ya Minnesota. Alitaka kitu kimoja tu: joto. Yeye na shemeji walikuwa na majina mawili mezani, The Villages ya Florida na Sun City ya Arizona. Nilizunguka nao kote kuwili, daftari mkononi. Nimeyaandika haya kwa ajili ya wenzetu waliokuja Marekani miaka ya 1980 na 1990 ambao sasa zamu yao ya kupumzika imefika. Wengi wananiuliza maswali yaleyale tuliyokuwa nayo sisi.

Kwanza niondoe dhana moja. Watu wa nyumbani wakisikia "mji wa wastaafu" hufikiri ni makao ya wazee wasiojiweza, mahali ambapo mtoto asiye na adabu humtupa mzazi wake. Sivyo. Hapa unanunua nyumba kwa hati yako, unapika ugali wako, unaendesha gari lako na kufunga mlango wako. Tofauti na mtaa wa kawaida ni mbili: sheria inaruhusu mji huu kuwa wa watu wazima, na pamoja na nyumba unanunua haki ya kutumia mabwawa, kumbi, karakana na viwanja vya gofu. Haki hiyo ina bei, na bei hiyo haiandikwi kwenye tangazo la nyumba.

Mji unaoendelea kujengwa na mji uliokwisha kujengwa

Sun City ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1960, kaskazini magharibi mwa Phoenix, mahali palipokuwa mashamba ya pamba. Mjenzi wake, Del Webb, alianza na nyumba chache za mfano, na mwisho wa juma ule wa kwanza watu wapatao 100,000 walikuja kutazama. Ujenzi ulimalizika mwaka 1978, na kampuni ikahamia jirani kuanza Sun City West. Leo Sun City ina wakazi karibu 40,000. Hakuna kiwanja kipya. Kila nyumba unayoonyeshwa imewahi kuwa ya mtu.

The Villages ilianza kama uwanja wa nyumba zinazotengenezwa kiwandani huko Lady Lake, katikati ya Florida. Harold Schwartz na mwanawe Gary Morse wakaugeuza kuwa mji, na jina la The Villages likaja mwaka 1992. Sensa ya 2020 ilikuta eneo lake lote limeongezeka kwa asilimia 39 ndani ya miaka kumi, kasi iliyoupita mji mwingine wowote mkubwa wa Marekani, likiwa na watu karibu 130,000. Sasa limesambaa katika kaunti tatu, Sumter, Lake na Marion, na trekta bado zinafyeka kuelekea kusini.

Tofauti hiyo moja ndiyo mama wa nyingine zote. Mji unaojengwa una nyumba mpya, mabomba mapya na paa jipya, lakini pia una deni la barabara na mifereji ambalo mtu lazima alilipe. Mji uliokamilika hauna deni hilo, ila una nyumba za miaka 50 na 60 zenye siri ndani ya kuta. Kila tulipokwama kwenye hesabu tulirudi hapo, na jibu likapatikana.

Bei ya tangazo na bei ya kweli

Hapa ndipo nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi huumia.

Florida ina sheria ya mwaka 1980 inayoruhusu mjenzi kuunda wilaya ndogo ya huduma ambayo hukopa fedha za kujenga barabara, maji na mifereji. Deni linagawanywa kwa kila kiwanja. Wakazi wa The Villages huliita bondi, na ni lazima ulijue neno hili kabla hujapanda ndege. Bondi haimfuati aliyeikuta nyumba kwanza, inafuata nyumba. Aliyekaa miaka 20 anaweza kuwa ameimaliza. Nyumba mpya ya kusini inaweza kuja na makumi ya maelfu ya dola, na riba juu yake, zinazolipwa kidogo kidogo kwenye bili ya kodi ya kila mwaka.

Tuseme unaonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ni dola 340,000 na bondi imekwisha. Ya pili ni 325,000 na bondi imebaki 28,000. Macho yanakimbilia ya pili. Lakini ya pili ni dola 353,000, na riba bado. Salio la bondi la kila kiwanja linapatikana wazi kwa serikali ya wilaya ukiwa na namba ya eneo na ya kiwanja. Lichukue huko mwenyewe, usitegemee mdomo wa mtu. Dalali mmoja alipotwambia kwamba bondi "ni kitu kidogo", shemeji alimtazama akamwambia, "Kaka, niandikie hicho kidogo kwa tarakimu." Tangu siku hiyo swali hilo likawa letu kila mlangoni.

Juu ya bondi kuna ada ya burudani, takriban dola 200 kwa mwezi, nayo hupanda kufuata gharama za maisha. Kuna pia ada ya matengenezo ya wilaya kila mwaka. Ada ya burudani haina siku ya kwisha. Ukifika miaka 90 na huchezi chochote, utailipa. Lakini tusiwe wachoyo wa haki: kwa ada hiyo unacheza viwanja vifupi vya gofu, zaidi ya arobaini, bila kulipa kiingilio, na mabwawa na kumbi ni zako. Kwa mtu anayezitumia kila siku ni bei nzuri. Dada yangu hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani.

Sun City hesabu ni nyingine. Hakuna bondi ya mjenzi. Ada ya vituo vya burudani ni mia kadhaa za dola kwa mwaka. Nasema kwa mwaka, si kwa mwezi. Ila siku unaponunua unatozwa ada ya mara moja ya mfuko wa ukarabati, dola elfu kadhaa, na gofu unalipia kivyake. Uliza kiwango cha ada hiyo mapema, maana inadaiwa siku ya kukabidhiana hati na watu hujikuta hawakuiwekea fungu.

Halafu kodi ya majengo. Hapa kuna mtego ambao hata watu wasomi huuingia. Florida, ukifanya nyumba kuwa makazi yako ya kudumu, thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Ni kinga nzuri sana. Lakini ni kinga ya mwenye nyumba, si ya nyumba. Muuzaji aliyekaa miaka 15 atakuonyesha bili ndogo ya kuvutia, na ni bili yake kweli. Ukinunua, Januari inayofuata thamani inarudishwa kwenye bei ya soko, na bili yako inaweza kuja maradufu. Piga hesabu kwa bei unayonunulia. Msamaha wa makazi, ambao ndio unaoleta kinga hiyo, unauomba kabla ya tarehe 1 Machi, na unahitaji uraia au ukazi wa kudumu. Mwenye viza ya muda haupati.

Arizona ni kinyume chake. Tangu 2015 thamani ya kutozea kodi hupanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, na nyumba ikiuzwa kikomo hakivunjwi. Kwa hiyo bili ya muuzaji inakupa picha ya karibu ya bili yako, isipokuwa kama yeye ni mzee wa kipato kidogo aliyegandishiwa thamani kwa ombi maalumu. Uliza hilo. Na kodi ya Sun City ni ndogo kwa sababu ya historia: miaka ya 1970 wakazi wake walijiondoa katika wilaya ya shule ya jirani, ambayo hugharimiwa kwa kodi ya majengo. Mimi kama mzazi jambo hilo halinifurahishi, lakini bili ni bili na lazima niiseme.

Kwa upande wa mapato, Florida haina kodi ya mapato ya jimbo. Arizona inatoza asilimia 2.5, ila haigusi mafao ya Social Security. Kwa muuguzi mwenye mafao hayo na pensheni ya kawaida, tofauti ilikuwa ndogo kuliko tulivyotarajia. Bima ya nyumba ya Florida peke yake iliimeza yote.

| Jambo | The Villages | Sun City |
|---|---|---|
| Umri wa nyumba | mpya hadi miaka 40 na kitu | 1960 hadi 1978 |
| Ada ya burudani | karibu dola 200 kwa mwezi | mia kadhaa kwa mwaka |
| Deni la miundombinu | bondi, hasa nyumba mpya | hakuna |
| Malipo ya mara moja ukinunua | ya kawaida ya hati | ada ya mfuko, elfu kadhaa |
| Kodi ya majengo baada ya kununua | inarudi bei ya soko | inaendelea ilipokuwa |
| Mgeni wa chini ya miaka 19 | siku 30 kwa mwaka | siku 90 kwa mwaka |

Nani anaruhusiwa kulala nyumbani kwako

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio uliotupeleka kwenye mazungumzo marefu kuliko yote, tena usiku, jikoni, chai imepoa.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1995 inaruhusu mtaa kuwa wa wenye miaka 55 na zaidi iwapo angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu mmoja wa umri huo. Mke au mume mdogo kwa kawaida si tatizo. Watoto ndio tatizo. Kote kuwili mtu wa chini ya miaka 19 hawezi kuwa mkazi. Anaweza kuwa mgeni tu, na siku zake zinahesabiwa.

Sasa nifikirie familia zetu. Binti anapata kazi ya zamu za usiku, anamleta mtoto kwa bibi "kwa muda". Ndugu anafariki Mwanza au Kisumu, na yatima wa miaka 12 anahitaji kwa kwenda. Mpwa anakuja kusoma akiwa na miaka 17. Sisi hatuulizani ruhusa katika mambo haya, mlango unafunguliwa. Katika miji hii mlango una masharti yaliyoandikishwa kwenye hati, na majirani wanaojua masharti hayo. Kuna watu wamelazimika kuuza nyumba ili wamlee mjukuu. Kama katika ukoo wako wewe ndiye nguzo, yule ambaye kila mtu humkimbilia, nakusihi ulitafakari hili kabla ya bondi na kabla ya paa. Pengine jibu lako ni nyumba ya kawaida Glendale au Peoria, dakika chache kutoka Sun City, isiyo na kikomo cha umri. Jirani na The Villages nako kuna Middleton, mji mpya wa familia wa mjenzi yuleyule.

Mama mzazi akija kutoka nyumbani kwa miezi sita, umri si kizuizi. Ana miaka 80. Kaulize tu kanuni za wageni wa muda mrefu na kadi za kuingilia vituo.

Mambo mawili zaidi, nayo yaulize kwa maandishi. La kwanza: mume ana 66, mke ana 51, mume akitangulia mbele ya haki, mke ataruhusiwa kubaki? La pili ni urithi. Watoto wako wanaweza kuirithi nyumba hata wakiwa na miaka 30, maana umri unabana kuishi, haubani kumiliki. Lakini hawataweza kuhamia kwa uhuru; watauza au watapangisha kwa mtu mzima. Waambie sasa, wasije wakagombana na karatasi siku ya matanga.

Paa, mabomba na ardhi

Florida, uliza umri wa paa kabla ya idadi ya vyumba. Paa la vigae vya lami likifika miaka 15, kampuni za bima huanza kukwepa au kudai ukaguzi unaothibitisha kwamba bado lina miaka mitano ya kufanya kazi. Nyumba nyingi nzuri za kati, zile zenye miti iliyokwisha kukua, ziko katika umri huo. Pata bei ya bima kwa anwani ileile kabla hujatia saini, na lipa pia mkaguzi wa kupima nyumba inavyohimili upepo, maana ripoti yake inaweza kupunguza bima.

Chini ya The Villages kuna chokaa inayoliwa na maji, na mara chache ardhi hudidimia. Mwaka 2018 mashimo yalifunguka kwenye mtaa mmoja huko na nyumba zikapasuka. Bima ya kawaida ya Florida inafidia pale tu ambapo nyumba imeanguka kiasi cha kutangazwa haikaliki. Kinga kamili ya udidimiaji huongezwa kwa malipo. Muuzaji aliyewahi kulipwa fidia ya aina hiyo analazimika kisheria kukueleza. Muulize, na jibu lake liwe kwenye karatasi.

Sun City, tatizo limo ndani. Mabomba ya chuma ya miaka ya 1960 hujaa kutu hadi maji yanatoka kama uzi. Mifumo ya umeme ni ya enzi ambayo nyumba haikuwa na vifaa vya leo. Kabla ya 1978 rangi yenye madini ya risasi ilikuwa halali. Kiyoyozi, ambacho mara nyingi kimekaa juu ya paa kikipigwa jua, uliza mwaka wake. Nyumba iliyopakwa rangi mpya na kuwekwa kaunta mpya ya jikoni isikupumbaze. Mwambie mkaguzi afungue bomba na sanduku la umeme kwanza. Pia kuna nyumba za kuungana zinazoitwa fleti za bustani. Ni rahisi kununua, lakini zina chama chao chenye ada yake ya mwezi, mbali na ile ya vituo. Omba vitabu vyao vya hesabu na uone kama wana akiba ya kubadili mapaa.

Madalali

Kwa The Villages jua kwamba kuna orodha mbili. Kampuni ya mauzo ya mjenzi ndiyo pekee inayouza nyumba mpya, na ina orodha yake pia ya nyumba zilizotumika. Madalali wa nje wana orodha ya kawaida ya soko. Mtu wa upande mmoja kwa kawaida hatakuonyesha nyumba za upande wa pili. Mgeni huzunguka siku tatu akadhani ameona mji, kumbe ameona nusu. Ona pande zote mbili. Na tangu Agosti 2024 dalali anayekuwakilisha hutaka utie saini mkataba kabla ya kukutembeza. Ujira wake unajadiliwa, na muda wa mkataba vilevile. Dada alisaini wa wiki moja.

Sun City hakuna mjenzi, kwa hiyo soko ni moja. Rahisi zaidi.

Joto, na watu wetu

Nendeni mwezi mbaya. Februari kote ni pepo: wazee wa kaskazini wamehamia kwa majira, muziki unapigwa, hewa ni ya Lushoto. Julai 2023 Phoenix ilimaliza siku 31 mfululizo ambapo joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Florida haifiki huko, ila Agosti hewa ni nzito kama Tanga kabla ya mvua, na radi kila jioni. Kapangeni mwezi mzima. Dada na shemeji walipanga Sun City mwezi wa Julai. Walitembea saa kumi na moja alfajiri na kulala mchana, kama watu wa pwani, na walistahimili.

Kwa burudani, nasema bila kusita: The Villages inashinda. Viwanja vyake vya mjini vina muziki wa bure kila jioni, na unafika kwa kigari cha gofu kupitia njia zake maalumu bila kugusa barabara kuu. Shemeji aliipenda kwa moyo wote na simlaumu. Ila angalia umbali: nyumba mpya za kusini ziko mbali na viwanja vya zamani, na kigari hakikimbii.

Lakini dada aliuliza swali lingine: nikiugua, nani ataniletea uji? Wakazi wa miji yote miwili ni Wazungu kwa wingi mkubwa, The Villages hasa. Tulipokelewa vizuri, majirani walisalimia. Bado, Phoenix na Glendale kuna Wakongomani na Warundi wengi waliopokelewa kama wakimbizi, na Kiswahili kinasikika madukani na kanisani. Kutoka The Villages, kuwafikia watu wetu wa Orlando ni safari ya saa nzima, na dada anasema hataki kuendesha usiku tena.

Wamenunua Sun City, nyumba ya vyumba viwili, Januari. Mkaguzi alikuta mabomba ya chuma yameoza, muuzaji akapunguza bei, fundi amekwisha kuyabadilisha. Wajukuu wawili wanafika shule zikifunga. Dada amezihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni hadi tarehe ya kurudi kwao: 61. Hapo kwenye 61 ameweka alama ya kalamu nyekundu, na pembeni ameandika 29, zilizobaki za Krismasi.